Ni bibi yupi atakayefufuliwa?

Siku tulipomzika bibi mzaa mama, huko milimani Same, palikuwa na turubai moja la kukodi, masufuria manne ya makande, na maelezo manne kuhusu mahali alipo marehemu.

Mchungaji wa Kilutheri alituambia bibi yuko mbele za Bwana, ametangulia tu, siku moja tutaonana naye. Mjomba, ambaye ni Msabato tangu ujana wake, hakumpinga hadharani. Ila tulipoketi nyuma ya nyumba aliniinamia sikioni akasema mchungaji amepotosha watu: mama hayuko mbele za mtu yeyote, amelala, hajui lolote mpaka parapanda ilie. Shemeji yetu, Mwislamu wa Usangi, alitushauri tumwombee sana usiku ule, kwa kuwa usiku wa kwanza kaburini ndio mzito, malaika wawili huja kuuliza maswali. Na mzee mmoja wa ukoo, Mlutheri mwenye bahasha ya ahadi kanisani kama wenzake, alisubiri watu wapungue, akamwaga dengelua kidogo, pombe yetu ya kienyeji, kando ya kaburi na kumwambia bibi kwa Kipare asitusahau, wala asitusumbue.

Hakuna aliyeona tatizo. Tulikula makande, tukahesabu rambirambi, tukatafuta magari ya kushuka.

Mimi ndiye niliyeshuka na tatizo. Maelezo yale manne hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Mtu hawezi kuwa mbele za Bwana na papo hapo awe hajui lolote, huku anahojiwa, huku anapokea dengelua. Mojawapo linaweza kuwa kweli na mengine matatu yakawa makosa ya watu wema. Au yote manne yakawa makosa. Nikiwa kwenye basi kurudi Dar es Salaam, nilikiri moyoni jambo ambalo nilikuwa nikilikwepa kwa miaka kama sita, tangu bibi alipoanza kuugua: siamini tena kwamba ndani ya mtu mna kitu kinachotoka akifa na kwenda kuishi kwingine.

Kwetu ukisema hivyo, wasikilizaji hawasubiri umalize. Wanasikia "hakuna Mungu", kisha wanaanza kukutafutia sababu. Amesoma sana. Intaneti imemharibu. Ana dhambi anaificha. Hela zimemzidi, au zimemwishia, maana zote mbili huhesabiwa kuwa njia ya kuelekea kwenye ukafiri. Lakini Mungu yupo ni dai moja, na roho ipo ni dai jingine, na moja halimburuti mwenzake. Ushahidi wangu ni mjomba. Wasabato walifungua kituo chao cha kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania huko Giti, Upare, mwaka 1903. Kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakimhubiri Mungu kwa bidii ambayo wengine wetu hatuiwezi, na kwa miaka hiyohiyo wamekana kabisa kwamba binadamu ana roho isiyokufa. Ukibishana nao watakufungulia Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote. Mashahidi wa Yehova nao husema karibu hivyohivyo. Sasa mgeukie mzee wa dengelua. Yeye hana shaka hata chembe kwamba bibi anasikia, lakini katika maneno yote aliyomwambia, Mungu hakutajwa. Na wako Wabudha, mamilioni kwa mamilioni, wanaofuata mafundisho yanayosema hakuna nafsi ya kudumu wala hayamhitaji Muumba.

Kwa hiyo nikisema nina mashaka, naomba kwanza niulizwe: na lipi?

Nianze na roho, kwa sababu ndiyo iliyonitoa usingizini. Wengi wetu, nadhani, mashaka hayaanzii maktaba. Yanaanzia msibani au kando ya kitanda cha mgonjwa, na pale anayeulizwa kwanza ni marehemu: uko wapi? Mungu hufuata baadaye, kama mlezi anayetakiwa ajieleze.

Lugha yetu yenyewe ina fujo ya kupendeza juu ya jambo hili. Moyo na mzimu ni maneno ya Kibantu, ya zamani sana. Roho na nafsi tuliyapata kwa Waarabu. Yalipofika hayakukuta nyumba tupu, wala hayakuwafukuza wenyeji. Wote wanaishi humo mpaka leo na kuazimana nguo. Mtu akifa tunasema amekata roho, kana kwamba roho ni kamba. Akiogopa ana roho mkononi. Akiwa mchoyo ana roho mbaya, na akipona ajali ya tatu tunasema ana roho ya paka. Ukinunua samaki mkubwa mwisho wa mwezi ni kwa sababu roho imependa. Zipange roho hizo zote mstari mmoja, uone kama kuna hata moja inayopaa. Nafsi nayo ina kisa chake: mahali pa kwanza tulipokutana nayo wengi wetu ni darasani, katika sarufi. Nafsi ya kwanza ni mimi na sisi, ya pili ni wewe na ninyi, ya tatu ni yeye na wao. Nafsi hapo ni nafasi ya msemaji katika mazungumzo. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mazungumzo yakiisha nafsi ya kwanza huruka ikaenda mahali.

Hata Biblia ya Kiswahili, pale Mwanzo 2:7, inasema Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi, akampulizia puani pumzi ya uhai, "mtu akawa nafsi hai". Akawa. Haikusema akawekewa. Mjomba huupenda sana mstari huo, na lazima nikiri kwamba kwa mstari huo anawashinda Walutheri wote wa familia.

Ukifuata maneno hayo mpaka kwenye mizizi yake unakuta upepo. Roho kwa Kiarabu ni ndugu wa neno la upepo. Neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu huliandika roho lina maana ya upepo na pumzi pia. Kigiriki na Kilatini ni vivyo hivyo. Watu wa kale, mbalimbali, walimtazama maiti na kujiuliza: huyu jana na huyu leo wana tofauti gani? Mikono ipo, macho yapo. Kilichokosekana ni pumzi. Basi wakasema kitu kile kisichoonekana, kinachoingia na kutoka, ndicho kilichokuwa mtu mwenyewe. Kwa vifaa walivyokuwa navyo ilikuwa hoja nzuri sana, na ningekuwapo ningeikubali. Leo kuna wodi ambako mashine humpumulia mtu ambaye ubongo wake umeshakufa. Pumzi inaingia, kifua kinapanda na kushuka, na madaktari wanamwambia mke wa mgonjwa kwamba mumewe hayupo.

Wapo waliojaribu kuikamata roho kwa mizani. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Massachusetts, Duncan MacDougall, alichapisha matokeo ya kupima uzito wa wagonjwa 6 walipokuwa wakikata roho. Mmoja wao alionekana kupungua uzito unaokaribia gramu 21. Wengine walitoa majibu yaliyopishana, na baadhi ya vipimo aliviacha mwenyewe. Kisha akapima mbwa 15, hawakupungua, akaona imethibitika kwamba mbwa hawana roho. Gramu zile 21 bado zinazunguka katika makundi ya WhatsApp, zikiletwa na watu wanaoanza na "wanasayansi wamegundua". Mgonjwa mmoja kati ya sita. Mimi nisingenunua hata nyanya kwa mizani ya namna hiyo.

Lakini turudi kwa bibi, maana ndiye aliyenisomesha.

Alianza kwa kusahau mambo madogo: chumvi ameshatia au bado, ufunguo uko wapi. Halafu akapotea njia ya kutoka kisimani, njia aliyoikanyaga tangu alipoolewa. Madaktari waliita dimenshia. Majirani waliita uzee. Wachache walisema amerogwa, ila walisema kwa sauti ndogo. Bibi alikuwa mpole kupita kiasi. Mwaka wa tatu wa ugonjwa akaanza kumwita mama mdogo mwizi. Vitenge alivificha mwenyewe chini ya godoro, kisha anaamka usiku kudai ameibiwa, na kutukana matusi ambayo hatukujua aliyasikia wapi. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Siku moja mchungaji alikuja kumletea chakula cha Bwana nyumbani. Akamshika mkono akamwambia, "Bibi, Yesu anakupenda." Bibi alimtazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya mgeni, akauliza:

"Huyo naye ni wa ukoo gani?"

Mchungaji alicheka. Sisi tulicheka. Mama mdogo hakucheka.

Nilipomuuliza mchungaji baadaye, alinijibu kwa upole jibu ambalo nimelisikia kwa wengi: roho ya bibi ni nzima, ni mwili tu uliochakaa. Wengine huliweka kwa mfano wa redio. Ubongo ni redio, roho ni matangazo. Redio ikiharibika unasikia mikwaruzo, lakini mtangazaji yuko salama studio, hana habari na mikwaruzo yako.

Ni mfano mzuri na niliukalia muda mrefu. Shida yake ni kwamba kilichompata bibi hakikuwa mikwaruzo. Redio mbovu hukoroma, hupoteza kituo, hufifia betri zikiisha. Haianzi kutangaza taarifa ya habari nyingine kabisa, kwa sauti safi, ikimtaja mama mdogo kwa jina na kumshtaki wizi. Kilichobadilika kwa bibi ni matangazo yenyewe: anachopenda, anachochukia, anayemwamini. Kama upendo, ukarimu, aibu na imani vyote vinaweza kuondoka kwa sababu chembe za ubongo zimekufa, basi hiyo roho nzima iliyobaki studio imebaki na nini? Haina kumbukumbu, maana hizo zilikuwa kwenye redio. Haina tabia. Haimjui Yesu.

Halafu kuna hesabu ambayo sijawahi kuona mtu akiifunga. Wote tulikubaliana kumsamehe bibi yale matusi. "Si yeye, ni ugonjwa." Sawa. Kama matusi ya ubongo mgonjwa si yake, ule upole wa ubongo mzima ulikuwa wa nani? Tukisema ubaya ulitoka kwenye nyama na wema ulitoka kwenye roho, tunagawa kwa kuangalia tunachokipenda. Ama vyote viwili ni vya bibi, ama vyote viwili ni vya ubongo. Mimi nimeona kwamba hizo ni njia mbili za kusema jambo lilelile.

Na siku ya ufufuo, atafufuliwa bibi yupi? Kila mtu pale msibani, ukimbana, atakwambia ni yule wa zamani, wa miaka arobaini hivi, mwenye akili zake. Lakini yule wa mwisho naye aliishi miaka sita. Alikuwa na hofu zake za usiku. Alikuwa na rafiki, mtoto wa jirani wa miaka minne, ambaye walikuwa wakichambua pamoja maharage yaleyale kutwa nzima, wakimaliza wanayachanganya upya. Bibi wa miaka arobaini hamjui mtoto huyo. Je, bibi aliyempenda mtoto yule hafufuliwi?

Swali la mwili na roho vinavyoshikana si la kwangu wala si la leo. Mwaka 1643 binti mfalme mmoja, Elisabeth wa Bohemia, alimwandikia mwanafalsafa René Descartes, aliyekuwa akifundisha kwamba roho haina umbo wala haichukui nafasi. Alimuuliza jambo la mtu mwenye akili timamu: kitu kisicho na umbo kinausukumaje mwili? Ili kusukuma lazima ugusane. Descartes alijibu kwa heshima nyingi, barua zikaenda na kurudi, na Elisabeth hakuridhika. Karibu miaka 400 baadaye bado sijakuta aliyemjibu vizuri zaidi.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na zilizo nzito hazitokani na mizani. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu wa karibu miaka 1,000 iliyopita, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, ananing'inia hewani, haoni kitu, haguswi na kitu, vidole vyake havigusani. Mtu huyo hajui kama ana mikono. Lakini anajua kwamba yupo. Basi, alisema Ibn Sina, huyo anayejua kwamba yupo si mikono wala mwili.

Hoja hiyo ilinishika kwa siku kadhaa, mpaka nilipokumbuka sayari ya Zuhura. Mtoto anaweza kuijua nyota ya asubuhi kila alfajiri akienda kuchota maji, na asijue kabisa kwamba ndiyo ileile nyota ya jioni inayoonekana miezi mingine jua likizama. Anaijua moja bila kuijua nyingine. Lakini ni kitu kimoja. Kwamba naweza kujifikiria bila kuufikiria mwili wangu hakunifanyi niwe kitu tofauti na mwili wangu. Kunaonyesha tu kwamba nimejitazama upande mmoja.

Linalobaki, na hapa sina jeuri, ni kwamba hakuna mtu aliyeeleza kwa nini nyama ya kilo moja na nusu ndani ya fuvu inahisi chochote. Wachunguzi wa ubongo wanaweza kuonyesha sehemu inayochangamka mtu anapoonja tangawizi. Kwa nini kuchangamka huko kuwe na ladha, hilo bado ni giza. Mama mdogo ana toleo lake la hoja hii, na ni bora kuliko la wanafalsafa. Bibi, aliyesahau majina ya watoto wake wote, aliweza kuimba wimbo wa kanisani beti zote mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya pili, akimsubiri mwenzake wa sauti ya kwanza aliyekwisha kufa. Mama mdogo husema: ile ndiyo roho, ulitaka uione vipi tena? Mimi najua kwamba sehemu za ubongo zinazotunza muziki wa zamani mara nyingi huchelewa kufikiwa na ugonjwa ule. Nilimwambia. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba chai ni maji. Ni kweli ni maji.

Shemeji wa Usangi alinijibu kwa namna nyingine. Alinisomea Sura ya Al-Israa, aya ya 85: watu walimuuliza Mtume kuhusu roho, naye akaamrishwa awajibu kwamba roho ni katika mambo ya Mola wake, na kwamba hawakupewa elimu ila kidogo. Nililipenda jibu hilo kuliko yote niliyopewa msibani, kwa kuwa halidai kujua. Ila nilimuuliza: kama elimu ni kidogo, zile habari nyingi za maswali ya kaburini tumezitoa wapi? Alisema Hadithi. Tukaacha hapo, chakula kilikuwa kimefika.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya kupitisha muda. Amini roho au usiamini, mahindi yatapaliliwa. Ningekubali, kama si Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Watu walikuwa wamefunga kula mpaka kufa wakitarajia kukutana na Yesu. Wahubiri wengi walijitokeza haraka kusema ile si dini ya kweli, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini tazama hesabu iliyowapeleka wale watu msituni. Ukishaamini kwamba mtu halisi ni roho, na mwili ni gunia lililombeba, basi kulitupa gunia mapema si hasara. Mhubiri wa kawaida wa mjini hasemi watu wafe njaa, Mungu apishe mbali. Husema tu kila Jumapili kwamba mwili si kitu. Wa Shakahola walimwelewa vibaya, au walimwelewa neno kwa neno.

Na waliopona humo, wengine walipona kwa sababu walitilia shaka. Njaa iliwauliza swali na wakalisikiliza. Nasikia mara nyingi kwamba shaka ni sumu. Pale msituni ilikuwa chakula.

Sasa Mungu. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu sijafika popote.

Sioni kwamba kuikosa roho kunanilazimisha kumkosa Mungu, nimeshasema. Ila roho ikiondoka, Mungu hubaki na deni kubwa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba dhuluma ya hapa italipwa kule, kwamba mtoto aliyekufa kwa malaria atafidiwa. Kama hakuna kule, malipo yanafanyikia wapi? Mjomba hana shida hiyo, ana ufufuo wake: Mungu atamuumba mtu upya siku ya mwisho kutoka kwenye kumbukumbu zake. Lakini anayeumbwa upya kwa kumbukumbu ni mimi, au ni nakala yangu nzuri? Nilimuuliza. Alisema nimekunywa dengelua.

Kuna jambo jingine linalonizuia kusema kwa haraka "hakuna Mungu": sina hakika ni Mungu yupi tunayemzungumzia. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliwahi kueleza jinsi mapadri wa Kiitaliano, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliwaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, basi swali likageuka: nani aliwafinyanga? Wazee wakajibu kwamba mtu aliyepinda mgongo husemwa amefinyangwa na Rubanga. Mapadri wakaandika: Muumba ni Rubanga. Jina la kinachovunja migongo ya watu likawa jina la Mungu. John Mbiti, padri wa Kianglikana kutoka Ukambani, hakukubaliana na Okot juu ya dini za Waafrika. Kwake Mwafrika alimjua Mungu huyuhuyu kabla meli hazijatia nanga. Nikiwasoma wote wawili naona Okot ananichekesha na Mbiti ananifariji, na nimejifunza kutomwamini sana anayenifariji.

Waumini wenyewe wamewahi kukaa mahali nilipo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkubwa kuliko wote Baghdad, na alisimulia kwamba kuna wakati alitilia shaka kila kitu, hata macho yake, hata hesabu, kwa karibu miezi miwili. Baadaye, mwaka 1095, ulimi ulimkauka darasani, akashindwa kufundisha, akaacha kazi akaondoka mjini. Ninachomheshimu ni kwamba hakusema shaka ile ya kwanza ilitibiwa na hoja. Alisema ni nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mimi nuru hiyo sijaipata. Siwezi kujifanya nimeipata kwa sababu ndugu wananiangalia.

Na wanaangalia kweli. Gharama ya kusema haya kwetu si jehanamu, ni mazishi. Nani atakuzika? Nani atatoa neno? Asiyeshiriki jumuiya anajua kwamba siku yake kutakuwa na vikao virefu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, na tunapenda kusema nchi haina dini ila watu wake wanazo. Lakini nenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo. Baada ya jina, umri na kabila unaulizwa dini, na afande hana subira na falsafa. Niliwahi kusita. Akaandika Mkristo, kwa sababu ya jina langu. Kenya walau huhesabu: katika sensa ya 2019 watu 755,750 walisema hawana dini, kama asilimia 1.6. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa huko mwaka 2016, usajili ukasimamishwa mwaka huohuo, wakaenda mahakamani. Sisi sensa yetu haijauliza dini tangu 1967. Sijui kama hilo linanilinda au linanifuta.

Mbiti ana wazo moja ambalo sijaweza kulitupa pamoja na mengine. Aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayapa kazi mpya. Aliyekufa, alisema, bado yumo katika Sasa maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, ndipo marehemu huzama katika Zamani. Wazo hilo halihitaji mizani wala nuru. Linahitaji watu walio hai na kumbukumbu zao, vitu ambavyo hata mimi nakubali vipo.

Miaka miwili ya mwisho bibi hakuniita kwa jina langu. Aliniita kwa jina la kaka yake, aliyefariki kabla mama yangu hajazaliwa. Mwanzoni nilimsahihisha. Baadaye nikawa naitika, na yeye ananisimulia mbuzi tuliowahi kuwapoteza, fimbo tuliyochapwa, mti fulani. Nilijua mambo ya mtu yule kuliko ninavyojua ya babu yangu mwenyewe. Baada ya mazishi nilimuuliza mama mdogo alikuwa mtu wa namna gani. Alisema jina amelisikia tu. Mjomba vilevile. Yule mzee wa dengelua alifikiri sana, akasema kulikuwa na mtu kama huyo, alizikwa bonde la pili, lakini mto ulihama.